Udongo Wangu Uko kwa Mutua

Jumapili, Donholm

Mapapai tena. Mdogo wangu Mutua ametuletea katoni nzima kutoka Machakos, na watoto wanamsifu kana kwamba mimi sijawahi kuwanunulia tunda.

Baba alitugawia shamba la mlimani sawasawa, mimi juu, yeye chini. Mutua akaita majirani wakachimba matuta ya kuzuia maji, akapanda nyasi kingoni. Mimi nikakata miti yangu yote, nikachoma makaa.

Leo nimemuuliza kwa nini kwake kunastawi na kwangu ni mawe matupu.

"Kaka, mvua ikinyesha udongo wako hushuka. Matuta yangu huushika tu."

Kwa hiyo mapapai haya yameota kwenye udongo wangu. Nimekula matatu kwa hasira. Ni matamu, na hilo ndilo linaloniuma.