Wa Mwisho Kuitwa

Jumatatu, 3 Februari

Mjukuu wangu ameanza chekechea ya masista leo. Aproni ya bluu nimemshonea mwenyewe, mfuko mbele, kola imelala sawasawa. Si kama zile za dukani, mtoto akivaa utadhani kaingizwa kwenye gunia. Nimemfikisha getini. Wenzake wanalia, wanang'ang'ania sketi za mama zao. Wangu hakulia. Aliniambia niende nikashone. Ana miaka minne na kiburi cha mtu mzima. Sijui kakitoa wapi.

Mchana nimegeuka kumkemea asichezee mkasi. Hayupo. Cherehani inapiga kelele kutwa, lakini si kelele ninayoitaka.

Amerudi na maneno kama bomba lililopasuka. Ndiyo maana tunamwita Chiriku. Kila mtoto ana msumari wake wa kutundikia begi, na picha juu ya msumari kwa sababu hawajui kusoma. Wake ni mwavuli. Mwavuli, Bibi, siyo kiatu – kiatu ni cha yule anayeuma wenzake. Mimi nahangaika na zipu ya suruali ya mteja, zipu yenyewe imegoma. Nikamwambia, nyamaza wewe, ukinyamaza mama yako atakuja.

Akanyamaza. Zipu ikakaa.

Alhamisi, 6 Februari

Chiriku amenifundisha ishara ya msalaba. Mimi! Niliyebatizwa kabla mama yake hajafikiriwa! Eti natumia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kijiko, nifanyeje? Akasema Sista anasema kijiko kinawekwa chini kwanza. Basi nikakiweka. Sala ikawa ndefu, na malaika mlinzi naye akatajwa. Tukamshukuru Mungu kwa chakula cha moto hadi kikapoa.

Nilipompeleka asubuhi nilimuuliza Sista wanafundisha nini hasa. Kijana, mrefu, anavaa raba chini ya vazi lake la utawa. Kumbe wanafundishwa kufunga mlango bila kuubamiza. Kubeba kiti kwa mikono miwili. Kumimina maji yasimwagike. Kumwomba radhi uliyemkanyaga. Na kusoma je? Akasema kusoma kutakuja, Bibi, kwanza mikono. Sikubishana. Mimi niliishia darasa la nne, na huko mikono yetu ilifundishwa kwa fimbo.

Lakini mlango wetu haujabamizwa tangu juzi. Hilo lazima niliandike.

Jumapili, 9 Februari

Mama yake, mwanangu, amepiga simu. Yuko mji wa mbali, analala kwa watu, anamtunza bibi kizee wa watu aliyepooza. Anamlisha, anamgeuza, anamchana nywele. Alipoondoka Chiriku ndiyo kwanza alikuwa anajua kusema "maji". Mimi nywele zangu najichana mwenyewe, na bega hili la kulia halipandi tena. Sikumwambia. Nilimwambia tu sauti yake imenenepa. Akacheka. Kile kicheko chake cha puani.

Mtandao mbovu. Halo, halo, tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Nikampa Chiriku simu. Akaikodolea macho, kimya. Nikamkemea amsalimie mama yake. Akasema, kwa sauti ndogo, simu haina mlango.

Simu ikakatika. Sikumwelewa. Huyu mtoto ana maneno.

Jumatano, 19 Februari

Sista ameniita. Nikaenda na futi yangu bado shingoni, nikijua Chiriku keshamuuma mtu. Hapana.

Wana mchezo wa kimya. Watoto wanakaa mkekani, wanafumba macho, hata kiti kisilie. Sista anatoka, anasimama nyuma ya mlango, anawaita mmoja mmoja kwa kunong'ona. Anayesikia jina lake anainuka bila kishindo, anamwendea aliyemwita. Eti Mungu naye huita hivyo, hapigi kelele, mtu lazima ajue kunyamaza ndipo asikie. Nikamwambia Mungu huyo hajakaa mtaani kwetu, na redio ya kinyozi dirishani. Sista akacheka, akajiziba mdomo.

Halafu akasema, Bibi, wako haitiki. Wenzake wote wanainuka, wanakwenda, yeye anabaki mkekani peke yake, macho kayafumba. Kila siku. Anaogopa pengine ni masikio.

Masikio! Ukoo wetu hauna kiziwi, nikamwambia. Wenye midomo mikubwa, wapo. Viziwi hakuna.

Jioni nimemjaribu. Nimefungua karatasi ya peremende nyuma ya pazia, taratibu kama mwizi. Alifika kabla sijaimaliza.

Ijumaa, 21 Februari

Tumekwenda kwa daktari wa masikio hata hivyo, Sista asije akasema nimempuuza mtoto. Daktari akammulika masikioni kwa kijitaa, akampigia kengele ndogo, akasema masikio haya yanasikia hata sisimizi akitembea. Nimekosa asubuhi nzima ya kazi kuambiwa ninachokijua.

Tulipotoka nikasimama naye kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali. Nikamuuliza mbona Sista akikuita huendi.

"Namngoja mama."

"Mama yako yuko mbali. Hayuko nyuma ya mlango ule."

"Ulisema nikinyamaza atakuja." Anafikicha kitufe cha aproni. "Nikimwendea Sista, mchezo unaisha. Mama akiniita atakuta sipo."

Ni mimi niliyemwambia, siku ya ile zipu. Mimi! Nani hajamwambia mtoto maneno hayo? Mama yangu aliniambia, nami nimewaambia wangu, na mtoto hunyamaza, halafu husahau. Kazi ya maneno yale ni hiyo. Lakini sisi hatukuwa na mtu wa kutufundisha kunyamaza kwa ufundi.

Nimemnunulia ndizi. Ameila kwa mikono yote miwili, bila kudondosha hata kipande, kama alivyofundishwa. Sikumtazama usoni.

Jumapili, 23 Februari

Amepiga. Nikamtuma Chiriku kwa kinyozi akatazame watu wanavyonyolewa, nikamweleza mwanangu yote. Sikupiga kelele. Nikamwambia Ijumaa ya tarehe saba mwezi ujao ni siku ya wazazi, na siku hiyo Sista hasimami nyuma ya mlango, anasimama mzazi. Mzazi ndiye anayemwita mtoto wake. Nikasema njoo.

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia anavuta pumzi. Akasema yule bibi kizee haachiki, hana mwingine, ataomba ruhusa lakini haahidi. Nilitaka kumuuliza, na wewe una mama wangapi? Nikasema sawa.

Akaniuliza, Mama, bega linaendeleaje. Nani kamwambia? Akasema hakuambiwa, anasikia ninavyoguna nikiinua simu.

Nikamwambia halina neno. Nikakata mimi, kabla sijaharibu.

Jumamosi, 1 Machi

Ruhusa kapewa! Atapanda basi Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi yuko hapa.

Chiriku sijamwambia. Kitu ambacho hakijabisha hodi hakitangazwi kwa mtoto. Nimeiambia cherehani tu. Kinyozi kaniuliza mbona Bibi unafuta madirisha, kuna mchumba? Nikamjibu mchumba akiona ulivyokinyoa kichwa chako atakimbilia kwangu.

Nimekata gauni la mwanangu. Kile kitambaa cha kijani nilichokificha chini ya godoro. Sina vipimo vyake, futi sikuigusa. Bega lake nalijua, kiuno nakijua, kwapani hapendi pabane. Mkono ulikwenda wenyewe. Halafu nikasita na mkasi hewani. Labda amekonda. Labda amenenepa kama sauti yake. Basi nimeacha kitambaa kingi ndani ya mshono, pa kubana na pa kuachia. Mama mzima namshonea mwanangu kama mteja nisiyemjua.

Jumatano, 5 Machi

Chiriku ameniomba nizime cherehani tucheze. Nikamwambia haizimwi, si redio, inaachwa tu kukanyagwa. Nikaiacha. Tukakaa chini.

Sijawahi kunyamaza namna ile na macho yamefumbwa. Nilisikia bomba linadondoka. Mkasi wa kinyozi. Tumbo langu. Chiriku anavyopumua, puani kamasi kidogo. Kisha nikasikia kandambili za mwanangu zinakuja, ule mguu wake wa kushoto unaoburuta tangu utoto, nilivyokuwa nikiugombeza kutwa, inua mguu, inua mguu. Nikafumbua macho.

Mteja, kaja kuchukua suruali.

Nimemhudumia vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika darasani, kwenye mkeka, kwa penseli ya watoto. Kalamu yangu inakwaruza.

Alfajiri hakufika. Asubuhi hakufika. Nikapiga, akapokea katikati ya kelele za watu – basi limeharibika njiani, wanangoja lingine. Naja, Mama, alisema, mwambie Sista asianze. Kisha chaji ikamwishia au mtandao, sijui. Nimekuja na gauni la kijani mkobani. Kwa nini nimelibeba, sijui pia.

Sista alingoja alivyoweza. Wazazi wengine wana kazi zao, wakaanza kutazama saa. Mchezo ukaanza. Mmoja mmoja wakasimama nyuma ya mlango. Baba mmoja, dereva mnene, hajui kunong'ona, akabweka jina la mwanawe, wote wakacheka, naye mtoto mwenyewe, yule wa kiatu anayeuma wenzake, alikwenda kwa baba yake anatembea kwa vidole kama paka. Nikajikuta nalia. Vumbi la chaki.

Mwisho akabaki Chiriku. Wenzake wako uani wanakunywa soda. Sista akanijia, akaninong'oneza, Bibi, mwite wewe. Na wewe ni mzazi.

Nikaenda nyuma ya mlango. Sauti hii haijawahi kushushwa, imezoea kushindana na cherehani. Nikamwita jina lake la ubatizo. Lilitoka kama msasa kwenye mbao. Nikarudia, taratibu.

Akafumbua jicho moja.

"Siyo wewe, Bibi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekusahihisha mkono. Kisha akasogea. Akapiga mkeka kwa kiganja, hapo pembeni yake.

Ningemvuta mkono. Ningemwambia inatosha, simama, mama yako basi limemharibikia. Siku nyingine ningesema hivyo na ningebamiza mlango. Nikavua viatu. Kukaa chini kwa magoti haya ni kazi ya mchana mzima, lakini nikakaa. Sista kafunga dirisha la uani. Mlango kauacha wazi kidogo, upana wa kiganja. Naye katoka, raba zake hazina sauti.

Kivuli cha msalaba wa ukutani kilikuwa kwenye ubao, sasa kimeshuka. Chiriku hajatikisika. Sikumfundisha mimi uvumilivu huu, nisijisifu.

Mimi nami sijaitwa siku nyingi. Si kwa simu. Kuitwa, mtu akiwa mlangoni, na vumbi la safari.

Kuna mtu koridoni. Anakuja polepole. Kitu kinaburuta sakafuni, mguu, au ni mfagizi na ufagio wake. Nataka kuinuka nichungulie. Chiriku kanishika kidole, haangalii, kakishika tu. Eti naandika kwa nguvu, nampigia kelele.

Basi. Penseli inawekwa chini kwanza.