Dole Gumba la Kushoto la Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anajulikana kama Mama Vifungo
Umri: miaka 47
Kazi: fundi cherehani, sare za shule
Makazi: nyumba ya pili kutoka ghala la mbao, ubavuni mwa njia ya treni ya uwanja wa ndege

Mimi ni mjane. Naishi na mama mkwe wangu huu mwaka wa kumi na tisa. Hati ya kiwanja ina jina lake peke yake. Chumba cha mbele nashonea, cha nyuma analala yeye. Naeleza niliyoyaona na niliyoyatenda, kwa hiari yangu.

Mwaka jana watu wa mradi wa treni walikuja mara tatu kutaka kiwanja. Mama aliwajibu mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Mara ya tatu afisa ardhi alimweleza kwamba treni itamfikisha abiria uwanjani kwa dakika kumi na nane. Mama akamwambia, "Mwenye haraka ya ndege aamke mapema," akafunga mlango.

Mwezi wa pili mwaka huu mama alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza na maneno yakakatika. Akili haikwenda popote. Ananijua, anajua siku, na nikikosea dawa ananikazia macho mpaka nirekebishe.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifika shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakuwa amekanyaga pale tangu mama atoke hospitali. Alikuja na afisa ardhi yule yule, amevaa kizibao cha njano, ana mkoba. Shemeji hakubisha hodi. Alisema, "Shemeji, hebu toa hivyo vitambaa kwenye kiti, mgeni akae." Nikavitoa.

Hawakukaa. Waliingia chumbani kwa mama, nikawafuata. Afisa akatoa fomu ya kukubali kuhama na pedi ya wino. Aliisoma mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Alipomaliza akauliza, "Mama, umekubali?" Mama akatikisa kichwa kukataa, na hakukataa mara moja tu. Afisa akageukia dirishani. Shemeji akasema, "Ni ugonjwa huo, kichwa hakitulii."

Shemeji akamshika mkono wa kulia. Mama akakunja ngumi. Shemeji akawa anamkunjua kidole kimoja kimoja. Akifungua hiki, kile kinajifunga. Nilisikia kifundo kikilia. Afisa akasema, "Fanyeni haraka, mwisho wa kupokea fomu ni leo. Mkono wowote, mradi uwe wake."

Shemeji akanigeukia, jasho linamtoka. "Shemeji, wewe ndiye unayemwogesha. Ule mbovu ni upi?"

Nikajibu, "Wa kushoto."

Andika kama nilivyosema. Hakuna aliyenikaba koo. Nilikuwa nimechoka, nilitaka watoke. Na sitaki kuficha, nilikuwa nimeshaanza kuiwaza hiyo nyumba nyingine ambayo mradi huwapa wanaohama, yenye bomba la maji ndani. Shemeji akauvuta ule mkono kutoka chini ya shuka. Ulikuja tu. Dole gumba likachovywa wino, likakandamizwa kwenye fomu. Afisa akamshukuru shemeji, akanishukuru na mimi.

Walipoondoka nilileta maji na sabuni nimsafishe. Mama aliugeukia ukuta. Tangu siku hiyo hali chakula kwa mkono wangu. Jirani yetu muuza mkaa ndiye anayemlisha, mimi nasimama nyuma ya pazia kama mwizi.

Tarehe 11 nilikwenda ofisi ya mradi kueleza kuwa lile dole halikuwa la hiari. Karani akaniambia, "Dole ni dole, mama. Fomu imeshapita." Tarehe 12 nilikuja hapa kituoni. Askari wa kaunta alisema hayo ni mambo ya ukoo, tukayamalize nyumbani. Nalisema hili mbele yako kwa sababu ulikuwepo, ukicheka naye.

Shemeji alizipata habari. Jumapili tarehe 14, saa kumi jioni, alikuja akasimama mlangoni kwangu. Alisema, "Umekaa bure kwenye nyumba ya mama yangu miaka yote hii, leo unataka kunifunga?" Nilimwambia nina mkasi mkononi, aangalie anaposimama. Akaondoka. Hilo nalo liandikwe, asije akasema nimelificha.

Jana Jumatatu, saa tatu asubuhi, tingatinga lilibomoa choo na ukuta wa chumba cha kushonea. Notisi waliyoibandika mlangoni siku ile ile ya dole inasema siku thelathini. Zilikuwa zimepita siku sita tu. Nilipiga kelele kuwa kuna mgonjwa ndani, msimamizi akamwamuru dereva azime. Alisema watarudi Alhamisi. Mama yuko chumba cha nyuma, nyusi zimemjaa vumbi.

Umeniuliza mara mbili kama kweli nataka kumshtaki shemeji. Nataka. Umeniuliza pia kama ile sehemu ya mimi kuutaja mkono iondolewe, kwa kuwa inaniharibia. Isiondolewe. Bila hiyo watasema mama alikubali.

Niliyoyaona na niliyoyafanya yanaishia hapa. Nimesomewa yote, na ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI
Nimeyaandika tarehe 16 mwezi wa sita, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano na dakika kumi asubuhi. Nimemwonya shahidi kuwa maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake, amesema amesikia. Ni kweli nilikuwepo kaunta tarehe 12. Shahidi ameomba kuondoka kabla ya saa sita, kwa sababu mgonjwa hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, na hilo bado mgonjwa anamruhusu kulifanya. Nimempeleka mwenyewe kwa gari la kituo.