Waya Usiowasha Taa

Ndugu yangu Salim,

Tela lako sasa ni la kijani, na nusura rangi hiyo imuue mdogo wako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari zizungukezunguke, na kwa sababu tangu tulipokuzika sijapata mtu mwingine wa kumweleza jambo la umeme akanisikiliza mpaka mwisho.

Nassoro ndiye anayeliendesha lori. Aliomba mwenyewe, na nyumbani kwenu wakakubali shingo upande. Safari yake ya kwanza ya Morogoro aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja. Alinieleza, pale gerejini kwetu Mchafukoge, kwamba kila alipokanyaga breki taa nyekundu za nyuma zilififia, na tela, badala ya kushika, lilimsukuma. Kwenye mteremko mmoja lilitaka kumpita. Kisha akacheka, kama mnavyocheka wote katika ukoo wenu mnapoogopa. "Balbu zimechoka tu, mwalimu."

Mkeo, Bi Zuhura, hakucheka. Bado yumo edani, hivyo alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia: "Shemeji, usimpe gari kwenda Morogoro mpaka wewe mwenyewe ukubali kupanda naye." Alisema hilo tu. Nilitoka nikijua kwamba sikuachiwa nafasi ya kukisia.

Nilifanya kama tulivyozoea. Betri ilikuwa nzima. Niliifungua plagi ya tela, nikakuta pini zake safi. Waya wa breki niliufuata kwa taa ya kupimia, kutoka swichi iliyo kando ya usukani hadi kwenye sumaku zilizomo ndani ya magurudumu. Umeme ulifika, sumaku zilishika. Taa zote ziliwaka kwa nguvu. Nassoro akalichukua, akaenda kupakia sokoni Kariakoo, ambako alilifungua tela na kuliunganisha tena, akarudi. "Mambo yaleyale, mwalimu. Labda linakuogopa wewe." Nikalipima tena. Halikuwa na kasoro.

Mimi hitilafu inayojificha hunikasirisha. Wewe ulikuwa ukiifurahia. Ungeniletea kahawa yako ya tangawizi, ungenitania kwamba hata sukari naipima, kisha ungeuliza lile nililochoka kuulizwa: "Umeme umekwenda, nimeona. Sasa unarudi kwa njia gani?"

Swali hilo nilizoea kulijibu haraka: unarudi kwa chuma, kupitia fremu na ndoano ya kuvutia. Safari hii nililikalia. Ndoano ipi? Ile niliyokuwa nikiifuta kwa kitambaa kila mara kabla ya kuunganisha tela, kwa kuwa sivumilii uchafu?

Siku iliyofuata sikugusa kitu. Nilimwambia Nassoro aliunganishe tela kama anavyofanya siku ya safari, nami nikasimama kando. Salim, alichota grisi kwa vidole viwili, akasema Bismillahi, akaipaka ndoano yote, polepole, kisha akavipangusa vidole kwenye tairi la kushoto, kama wewe. Vidole vilevile. Tairi lilelile. Ilinibidi nitazame pembeni.

Alipokanyaga breki, taa zilififia.

Grisi ile, inayouzuia umeme kupita, uliipaka miaka yote bila madhara, kwa sababu mimi na wewe tulikuwa tumefunga waya wa ethi kutoka fremu ya tela hadi fremu ya lori, ili umeme urudi bila kuitegemea ndoano. Niliinama kuutafuta. Tundu la bolti yake lilikuwa limejaa rangi ya kijani.

"Ule mkia wa panya?" Nassoro aliuliza. "Haukuwasha taa yoyote, mwalimu. Niliutoa nilipopaka rangi, tela lipendeze siku ya arobaini ya kaka."

Haukuwa uzembe. Aliondoa alichodhani ni kiraka, ili kitu chako kisionekane kimechakaa. Nilimweleza kazi ya waya ule, na jinsi breki zinavyopoteza nguvu umeme unapokosa njia ya kurudi. Kisha nikampa brashi ya chuma aikwangue rangi mahali pa bolti. Alikwangua kidogo, akasimama. "Namharibia," alisema. Nikaishika brashi pamoja naye. Tulikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukafunga waya mpya, na grisi ikabaki palepale kwenye ndoano.

Mchana tulipakia mchanga, tukashuka kuelekea Jangwani, nami nimeketi kando yake kama nilivyoagizwa. Katikati ya mteremko alikanyaga breki. Nilihisi tela likituzuia kutoka nyuma, zito na tulivu, kama lilivyokuwa ukiendesha wewe huku ukibishana nami juu ya mpira. Nassoro hakucheka. Alilia, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, na mimi nikajishughulisha na kioo cha pembeni.

Bi Zuhura nimemjulisha: nimepanda, na gari nimempa. Kesho asubuhi Nassoro anakwenda Morogoro. Grisi sikumkataza. Aliirithi kwako.

Nakuahidi jambo ninaloweza kulitimiza. Hakuna tela litakalotoka kwenye gereji yetu kabla sijamtazama dereva wake akiliunganisha kwa mkono wake mwenyewe. Na swali lako nitaliuliza kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Nakuombea kwa maneno ya kanisani kwetu, najua utanivumilia. Pumzika, ndugu yangu. Kikombe chako kipo palepale, juu ya boksi la fyuzi, na alama ya kahawa ndani yake. Mimi, nisiyevumilia uchafu, sijakiosha.

Wako,
Mwalimu