Tawi Zima la Baba Mdogo

Chizuru, ndugu yangu, uko wapi? Leo Mama katuaibisha. Hapana, katuheshimisha. Hata sijui nisemeje!

Sala za kumkumbuka baba zimeisha, mtawa wa Kibudha aliyeziongoza katoka tu mlangoni, baba mdogo Tokuji huyoo bustanini na msumeno. Moja kwa moja kwenye hanamizuki ya baba, ule mti wa maua wenye majani ya mabaka meupe.

Eti, "Shemeji, mti wako unaumwa. Majani yameingia weupe. Tawi zima ni hili moja la kijani. Mengine nakata."

MENGINE NAKATA! Na baba aliupendea huo huo weupe!

Mama akamnyang'anya msumeno, akalikata lile la kijani. Lile lile! "Hili ndilo linaloyanyonya mengine. Ukiliachia, mti wote unageuka kijani. Kaka yako alikuwa hayaachii matawi ya kijani."



Kufika kwenye zawadi za kuwaaga wageni, Mama kalifunga lile tawi kwenye kitambaa cha hariri, kainama mpaka chini. "Zima kabisa, shemeji. Kapande kwako."

Na kalipokea, Chizuru! Kwa mikono miwili! Sasa hivi yuko kwenye treni, kalipakata.