Santuri Mia na Arobaini na Tatu za Jumapili

Alhamisi, 1 Desemba 1977

Nina miaka sabini na moja, na walioniambia nimezeeka wengi wao nimeshawazika. Nimewapita wafalme wanne wa Kiingereza, masultani watatu, mafua makubwa ya baada ya vita vya kwanza, wake wawili Mungu awarehemu, na Mapinduzi yaliyonitoa Unguja na koti moja. Mie bado nipo. Nauza santuri Tottenham.

Leo Harish kanikabidhi kitabu. Harish ndiye mwenye duka, Mhindi wa Kisumu. Kitabu si chake. Kinatoka kwa wale wanaohesabu nyimbo za nchi nzima. Wamechagua maduka machache tu, na letu limo! Ukiuza santuri unaandika namba yake kwenye ukurasa wa siku yake. Jumamosi duka likifungwa wanakuja kukichukua, Jumanne redio inatangaza wimbo upi wa kwanza. Harish alikuwa akiandika mwenyewe, lakini tangu utoke huu wimbo wa kengele hana nafasi hata ya kupiga chafya. Ati wiki hii utavunja rekodi. Haujapata kuuzwa wimbo namna hii kwa wiki moja.

Sudha, mkewe, akasema kwa Kiswahili makusudi nisikie: Mzee Ameir ataweza? Kusoma kwenyewe anapapasa.

Nikamwambia mama, mie nauza santuri Darajani wewe hujazaliwa. Herufi za Kiarabu nilipigiwa fimbo chuoni, hizi za Kizungu nimejifunza mwenyewe kwenye lebo. Namba sikosei. Nimeandika mpaka tulipofunga. Harish kaangalia, kanirudishia kitabu. Asiposahihisha huyo ujue kazi safi.

Jumamosi, 3 Desemba

Haijapata kutokea! Zililetwa santuri mia mbili za kengele asubuhi. Wimbo wenyewe si kitu — kengele, watoto wanaimba, bwana mmoja anakoroma katikati. Lakini watu! Foleni mpaka kwa muuza samaki.

Jua lilizama saa kumi kasoro dakika sita. Ndiyo nchi hii, mchana wenyewe kama umeazimwa. Nikaenda kusali stoo, katikati ya maboksi, nikarudi nikafungua ukurasa mpya. Baada ya hapo ndiyo ikawa vita. Jedidah, nesi wa Nyeri, kaja na wenziwe wametoka zamu, kachukua tisa peke yake. Za nini tisa? Ati, "Babu, wewe uza, wacha maswali." Jaswinder kondakta, Singasinga wa Nakuru, kalisimamisha basi na abiria ndani, kachukua tatu, kasema akifukuzwa kazi nimwombee dua.

Kabla ya magharibi, hamsini na moja. Baada, mia na arobaini na tatu. Zimebaki sita. Zote nimeziandika kwa mkono wangu, hakuna hata moja niliyoikata. Kijana gani anaweza?

Jumanne, 6 Desemba

Redio imesema wimbo wa kengele ni wa kwanza, lakini rekodi haikuvunjwa. Umekosa kidogo tu. Sikuamini. Nimemwambia Harish hao hawajui kuhesabu. Kacheka.

Alhamisi, 8 Desemba

Hacheki tena.

Kaja bwana mmoja na mkoba, kutoka kwa hao wenye kitabu. Mrefu, mpole, wa kuogopwa. Kafungua kitabu chetu mbele ya wateja. Kitabu kina kurasa za Jumatatu mpaka Jumamosi. Nyuma kuna ukurasa mtupu, na juu yake mkono wangu umeandika JUMAPILI kwa Kizungu, nilinakili kwenye kalenda ya ukutani. Chini yake, santuri mia na arobaini na tatu.

Akauliza: Jumapili mnafungua?

Harish akasema hapana, sheria haituruhusu.

Basi hizi mmemuuzia nani?

Harish kanigeukia. "Mzee, hii kitu gani umeandika?"

Nikamwambia nimeandika kilichotokea. Jua likishazama Jumamosi imekwisha, ule ni usiku wa Jumapili. Nani asiyejua hilo? Hata mauzo ya Alhamisi iliyopita, ya baada ya magharibi, niliyatia Ijumaa, hakuna aliyelalamika!

Harish kashika kichwa. Sudha akamfasiria yule bwana. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema siku inaanza saa sita ya usiku.

Nikamwambia Sudha mwambie: saa sita ya usiku watu wamelala, nani aliyeiona hiyo siku ikiingia? Yetu inaonekana kwa macho. Sudha akaona haya. Nikasema mwambie vivyo hivyo! Akamwambia.

Bwana hakukasirika, ndiyo ubaya wake. Kasema amekwisha kuona maduka mengi yanayoandika santuri zisizouzwa, kwa kuwa mwenye wimbo kawapa kitu. Harish akamwonyesha boksi: mia mbili ziliingia, sita zilibaki tulipofunga. Akasema boksi tupu halithibitishi kitu, huenda zimefichwa. Neno la mwenye duka peke yake pia halitoshi.

Kisha akatoa karatasi. Nitie saini kwamba zile mia na arobaini na tatu nilizibuni mie. Mzee kakosea, mzee anaondoka, duka linabaki kwenye orodha. Nisipotia, duka linatolewa. Likitolewa hatuletewi tena nyimbo mpya mapema, na wateja watahamia duka kubwa la kituoni. Karudi zake, karatasi kaiacha. Jawabu Jumamosi.

Alipotoka Harish akasema, "Mzee, weka saini tu. Ni karatasi. Mimi iko watoto watatu."

Karatasi! Mwaka wa sitini na nne nililetewa karatasi pia, nitie saini kwamba nyumba yangu si yangu. Sikutia. Nyumba waliichukua. Saini yangu ninayo.

Ijumaa, 9 Desemba

Harish hajanisalimia. Miaka tisa namfungulia duka. Nimefagia mara mbili.

Kukosea ukurasa, haya, nimekosea kwa kalenda yao. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Kubuni sikubuni. Waliopita kwenye foleni ile nawakumbuka mmoja mmoja. Asiyeandika sana hukumbuka sana. Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda hospitali kwa miguu, nimemngoja Jedidah mlangoni. Nimemweleza. Kasema, "Nani anakuita mwongo, Babu? Huyo nitamdunga sindano mimi mwenyewe." Jaswinder nimemngoja kituoni, mabasi matatu yamepita, la nne lake.

Jumamosi, 10 Desemba

Naandika hapa nyuma ya kaunta, wanadhani nahesabu.

Bwana wa mkoba kaja saa tisa na nusu. Jedidah keshafika, manesi wanne nyuma yake, na santuri zao tisa kwenye mfuko. Kumbe tisa ni za wodi! Jaswinder kaja na sare na kofia. Basi leo kaliacha wapi, sijauliza. Watu wengine wa foleni ile wameambiana, wamo humu, wanajiita wenyewe: mie nilikuwapo, na mie. Duka halipitiki.

Jedidah kamwambia yule bwana kwa Kiingereza cha haraka, nimeshika neno moja moja: giza, Jumamosi, saa kumi na moja. Saa kumi na moja kalirudia mara tatu, na kidole.

Bwana akasema sawa, waandike majina yao. Lakini anataka na mwenye duka aandike, kwamba alisimama hapa akaona kwa macho yake. Na ikija kujulikana ni uongo, si kutolewa kwenye orodha tu, atapelekwa mahakamani.

Karatasi yangu nimemrudishia. Haina saini, kama alivyoileta. Nyuma yake nimeandika: NIMEKOSEA UKURASA. SIKUKOSEA HESABU.

Sudha ameandika jina lake bila kumwangalia mumewe.

Nje taa za barabarani zimewaka. Saa kumi kasoro dakika tisa, jua limezama, yeyote aangalie. Mama mmoja anataka wimbo wa kengele, kashika hela mkononi, hakuna anayemsikiliza. Kitabu kipya kiko wazi hapa, bado ukurasa wa Jumamosi.

Basi wa kunishuhudia ni hawa: Jedidah wa wodi ya watoto. Jaswinder wa basi. Sudha. Na wa nne Harish, aliyekuwapo kuliko wote, aliyezifunga kwenye karatasi zote mia na arobaini na tatu kwa mikono yake. Kalamu anayo. Jina bado hajaliandika. Ananiangalia mie, haangalii karatasi.