Nyama ya Shukrani kwa Bwana Constantine

Jumanne, 9 Julai

Specioza mwanangu, mwangaluka. Mimi kuandika nilifundishwa barua tu, kabla sijaacha shule darasa la nne, basi naandika hivyo hivyo. Hatujambo. Baba yako Maduhu hajambo, mguu ndiyo ule ule. Bibi yako hajambo, anakuulizia, tunamwambia uko kazini. Yakobo mdogo wako hajambo, amerefuka, suruali zimekuwa kaptula. Shangazi yako Shida hajambo, kaja na michembe, viazi vile vya kukausha. Hata mbuzi wako hajambo, kazaa. Ni wewe tu.

Wanasema meli imezama na wewe umo. Mimi mwili sijauona. Naandika.

Matajiri wako wamerudi Bariadi. Bwana Constantine wa pamba, mkewe, na Kabula uliyekuwa unamlea. Hawana hata mkwaruzo! Leo wamehojiwa redioni. Mkewe anasema Mungu aliwachagua. Aliwachagua! Bwana anasema waliopona ni waliotulia, wengine walipaniki. Nikazima.

Alhamisi, 11 Julai

Amekuja Faudhia, yule muuza mitumba wa sokoni. Alikuwa kwenye meli hiyo hiyo toka Nassa, kapona kwa kukumbatia dumu tupu. Sauti yake bado haijarudi vizuri. Kasema, Mama Specioza, nisipokuambia nitaugua.

Meli ilipolala ubavu walishusha boti ndogo ya kuokolea. Bwana na mkewe wakawa wa kwanza. Wewe ulimwinua Kabula ukawapa. Ukashika ukingo ili na wewe upande. Mama Kabula akakuambia subiri, inarudi. Nafasi hakuna. Nikamuuliza Faudhia, kulijaa watu? Akasema, kiti kimoja kilikaliwa na begi.

Begi! La magurudumu!

Anasema waliposhuka nchi kavu nywele za yule mama zilikuwa kavu. Nimefua siku nzima nasikia hayo tu. Nywele kavu.

Boti haikurudi.

Jumamosi, 13 Julai

Mji mzima ni maneno. Saluni, sokoni, kwenye mashine ya kusaga. Wengine wanasema tajiri kaacha watu wafe. Wengine wanasema huo ni wivu wa maskini. Ndiyo maana leo dereva wake Fredrick kaja na gari mpaka mlangoni. Kesho kuna sherehe ya shukrani, wanachinja ng'ombe wanne. Sisi tukae meza ya mbele. Na Jumatatu bwana analeta simenti na vigae, tukujengee kaburi, tuzike nguo zako.

Nikamuuliza, kaburi la nani? Fredrick akatazama viatu vyake. Shikamoo mayu, akasema tena, kama vile ndiyo kwanza anafika.

Najua anachotaka bwana wake. Huku kwetu aliyefiwa akila kwa anayelaumiwa, kesi imekufa. Hakuna wa kuifufua tena, si ofisini, si kisimani.

Baba yako anasema twende, tusije tukaonekana tuna kinyongo. Na kaburi, anasema, atalijenga nani? Yeye na mguu huo? Nikamtukana. Halafu nikamkanda mguu.

Jumapili, 14 Julai

Tumekwenda. Maturubai, spika, viti vimevishwa vitambaa. Keki kubwa — na juu yake boti ya sukari! Nilidhani macho yananidanganya. Boti! Watu wanaikata wanakula.

Mama Kabula kanikumbatia, ananukia manukato. Wakaniwekea pilau na nyama. Simu zikainuliwa. Bwana Constantine akainama sikioni, onja tu mayu, kidogo tu, watu wanatuangalia.

Nikakaza meno.

Ndipo Kabula akaja mbio, akapanda mapajani pangu. Kanitazama sana. Si sura yangu ndiyo yako. Akauliza, dada bado yuko kwenye maji?

Mama yake akacheka, watoto bwana! Kabula akachukua kipande sahanini, akakipuliza kwanza, bila shaka ndivyo ulivyomzoesha wewe, akanisogezea mdomoni.

Ningefanyaje? Nimtemee mtoto uliyemwinua kwa mikono yako?

Nikafungua mdomo. Makofi! Vigelegele! Bwana Constantine kashika maiki, anashukuru, anasema yamekwisha. Wakati wa kutoka Faudhia alikuwa amesimama nje ya geti, hakualikwa. Nikampungia. Akageuza uso.

Sikuimeza ile nyama. Nilikaa nayo shavuni mpaka nyumbani, mate yananijaa. Sasa ipo hapa mezani, nimeifunga kwenye ncha ya kitenge. Sijaimeza na sijaitupa. Nimemwonyesha baba yako. Anasema umekula, dunia nzima imeona, video inazunguka, sasa hiyo utamwonyesha nani?

Kesho asubuhi simenti inakuja. Baba yako ameshawapa Yakobo na wenzake majembe.

Specioza, kama uko visiwani kwa wavuvi, kama unaumwa, kama kuna mtu wa kukuazima simu — tuma neno. Neno moja tu. Tuma upesi mwanangu, kabla hawajaanza kuchimba.