Mzee Aliyetaka Piko

Malindi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa kaka yangu Ngala,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu kwamba umeamka salama, na kwamba shemeji, watoto na wale mbuzi walionusurika na kiangazi wote wapo. Mpe pole tena dada yetu Everlyne. Mwambie sijamsahau mwanawe tuliyemzika mwezi uliopita; kila nikiletewa kitoto hapa kinyozini kunyolewa nywele za kwanza, namkumbuka. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Dorcas anakusalimu sana. Joto ni lile lile, na umeme hukatika mashine ikiwa kichwani mwa mtu. Juzi mteja mmoja ilibidi azunguke mjini na kichwa nusu mpaka jioni, na lawama zote zikaniangukia mimi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali simu ninayo. Kaka, wewe kwenye simu hungoji mtu amalize, na leo nataka nimalize. Najua mnamtafuta Baba Mkubwa Mramba tangu Alhamisi. Najua pia kuna wanaosema kwamba amekimbia kwa sababu anajua alilolifanya. Hilo nitalifikia. Kwanza vumilia nikueleze habari ya mzee mwingine, ambaye hata jina lake sikulijua mpaka nilipomkuta ndani ya jeneza.

Alikuja dukani kwangu siku ya soko, vijana wamejaa viti vyote na wengine wamesimama mlangoni. Mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu vimejaa vumbi jekundu la huko bara kwetu. Alipovua kofia, kichwa chote kilikuwa cheupe, hakuna hata unywele mmoja mweusi. Alinisalimu kwa adabu kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Akasema ameambiwa kwamba kinyozi huyu ni mtu wa kanisa, naye anaomba apakwe piko nywele ziwe nyeusi.

Wewe na mimi tumezaliwa kule, kaka, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa. Mzee wa kwetu akitaka kuwa na nywele nyeusi, hatafuti mke. Anatafuta kulala usingizi, maana kwetu mvi peke yake zatosha mtu kuitwa mchawi na kuuawa. Kila aliyekuwamo dukani alijua hivyo. Kijana mmoja aliyekuwa kitini alinong'ona kwamba mashine ikipita kichwani mwa mzee yule, isije ikapita kichwani mwake tena. Mwingine alikwisha inuka na kushika mlango. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nilianza kuwafikiria wateja wangu. Nilijua habari zingefika soko zima kabla ya adhuhuri kwamba kwa Jimmy wananyolewa wachawi.

Basi nilimwambia mzee kwamba piko imekwisha.

Boksi la piko lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya kichwa changu, jipya, halijafunguliwa. Mzee alilitazama. Nilimwona akilitazama kwenye kioo. Nikangoja anisute, na kusema kweli ningefurahi angenisuta, maana ningepata sababu ya kukasirika. Hakunisuta. Alisema haya mwanangu, Mungu akuzidishie, akavaa kofia yake akatoka. Vijana wakacheka, mmoja akasema mzee anataka kuoa, nami nikacheka nao. Kaka, nilicheka. Sikumpa hata maji, na wala sikumuuliza jina, mimi ambaye kila anayekaa kitini mwangu humuuliza jina, kwao na timu anayoishabikia.

Jumapili iliyotangulia tu, mchungaji alikuwa amehubiri juu ya kumpokea mgeni. Alisema Bwana Yesu mwenyewe huja kwetu akiwa na njaa, akiwa uchi, akiwa mtu tusiyemjua. Nilisema amina, na sauti yangu unaijua, ilisikika mpaka nje. Nilidhani mgeni wa namna hiyo angekuja siku nisiyo na kazi, akiwa na uso wa upole na bila watu wa kututazama. Sikudhani angekuja siku ya soko.

Jirani yangu upande wa kushoto ni Bi Mahfudha, mama wa hapa mjini, anayewapaka maharusi hina na piko. Jioni ile alinijia nikifagia nywele. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kweli piko ilikuwa imeniishia, maana angeweza kuniazima. Nikaendelea kufagia. Akaniambia kwamba yule mzee alikuwa amekaa barazani kwake kupumzika. Alimpa chai na mahamri mawili, akamkuta hana alilokula tangu alfajiri, akamwongezea. Kisha akamkalisha kwenye kiti cha maharusi, akampaka piko kwa mikono yake, akamwosha na kumfuta kwa taulo lake. Hakutaka malipo. Alisema mzee alijitazama kwenye kioo akacheka mpaka akatokwa na machozi, akisema mkewe, lau angekuwa hai, asingemfungulia mlango.

Nilimuuliza Bi Mahfudha kama hakuogopa yanayosemwa. Alinitazama kama anayetazama mtoto aliyekula mchanga. Akasema yeye alichokiona ni mzee amechoka, na hayo mengine anamwachia Mwenyezi Mungu. Kisha akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akaenda zake kufunga duka. Methali ile naijua tangu utotoni, wala haijawahi kunichoma vile.

Nilijifariji. Nilijiambia kwamba mzee amepata alichokitaka, kama si kwangu basi kwa jirani, na yamekwisha.

Hayakwisha. Wiki iliyofuata mchungaji alitangaza kwamba kuna maziko huko bara, ndani ndani, ya mzee aliyeuawa kwa kukatwa mapanga kwa madai ya uchawi, na majirani wanaogopa kuhudhuria. Akaomba watu wa kwenda. Akaniambia mimi nibebe mashine ya betri, kwa kuwa wafiwa walihitaji kunyolewa baada ya maziko na kinyozi wa kule alikuwa amekataa. Nilikwenda. Njiani nilimfikiria yule mzee wa piko, lakini nilijipa matumaini kwamba wazee wa kwetu ni wengi.

Jeneza lilikuwa wazi. Nywele zilikuwa nyeusi ti, zinang'aa. Nyuma ya sikio kulikuwa na doa la piko ambalo Bi Mahfudha hakulifuta vizuri. Walikuwa wamemfunga vifungo vya shati mpaka shingoni, na nilijua kwa nini. Jina lake lilikuwa Thoya wa Kambi. Nililisoma kwenye msalaba wa mbao.

Wafiwa wa kunyolewa walikuwa wawili tu, binti yake na mjukuu. Wana wa kiume hawakuonekana, na watu walinong'ona kwamba shamba la mzee lilikuwa karibu na barabara inayotengenezwa, na bei yake imepanda. Kwa hiyo piko isingemsaidia, kaka. Anayetaka shamba la mtu hahesabu mvi. Alichohitaji mzee yule ni mahali pa kukaa. Nilipokuwa namnyoa yule binti, alinieleza kwamba baba yake alirudi kutoka Malindi na furaha, akimsifu mama mmoja wa Kiislamu aliyemtunza kama baba yake. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza, kama hakupitia kwa kinyozi. Akasema alipitia, lakini baba alisema kijana wa watu alikuwa ameishiwa na piko, vinginevyo angempaka.

Kaka, alikuwa ameliona boksi. Tulionana kwenye kioo. Alikwenda nyumbani akanisitiri kwa binti yake, nami nilikuwa nimemwacha bila kusitirika. Nilizima mashine nikashindwa kuendelea, na yule binti ndiye aliyeanza kunibembeleza mimi.

Dorcas anasema Mungu amenisamehe. Huenda. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mzee Thoya hatakuja tena mlangoni pangu siku ya soko nimkalishe kitini mbele ya watu wote.

Sasa nafika kwetu. Siku ya maziko ya mtoto wa Everlyne, wakati tunakula, ulisema mbele ya watu kwamba kichwa cha Baba Mkubwa kimekuwa cheupe kupita kiasi, na kwamba lisemwalo lipo. Wajomba waliitikia kwa vichwa. Baba Mkubwa alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, sahani mapajani, na najua alisikia kwa sababu aliacha kula. Mtoto alikufa kwa malaria, kaka. Wewe na mimi tulikuwa pamoja zahanati na daktari alituambia. Nilitaka kusema hivyo pale pale. Nikaona wewe ni mkubwa wangu, na watu ni wengi, nikanyamaza, vile vile nilivyoogopa watu dukani. Sisemi wewe una nia ya kumwaga damu ya mtu aliyetulea baba yetu alipokufa. Nasema maneno yakishatoka kinywani mwa mwenye nyumba, wapo vijana wa kuyabeba.

Kwa hiyo msimtafute msituni wala mtoni. Alhamisi, ninyi mlipokuwa kwenye baraza la chifu, nilikuja na pikipiki ya kuazima, nikamchukua. Yuko kwangu. Analala chumba cha watoto, na mchana anakaa kinyozini, kwenye kiti cha karibu na mlango, kila apitaye amwone. Kofia nimemwomba asivae. Wateja wengine wameondoka, na waondoke. Nilimuuliza kama anataka nimpake piko, akasema mvi hizi amezipata akitulea, na anayeziogopa afumbe macho.

Mchungaji ndiye anayekuletea barua hii mkononi, naye anajua yote yaliyomo, na chifu atayajua. Ukitaka kuja kunipiga, njoo. Ukitaka kuja kumwomba radhi, njoo mapema zaidi, maana anaongea juu yako kila siku na hana kinyongo, na hilo ndilo linalonitesa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, shemeji na watoto kwa majina yao. Mwambie Everlyne kwamba Baba Mkubwa anamwombea kila asubuhi.

Nilikuwa nimekwisha kuandika jina langu hapa chini, lakini nilimsomea Baba Mkubwa zile salamu za mwanzo, naye amenigombeza. Anasema ni adabu gani hii, nimeuliza habari za mbuzi nikasahau kuuliza kidonda cha mguu wako. Anauliza kama kimekauka. Anasema usiingie shambani na umande bila viatu, na ile dawa yake ya majani ipo darini juu ya kitanda chake, uitumie, usiogope.

Ni mimi mdogo wako,
Jimmy